Uzito wa Ruta Kwenye Mizani ya Baraka

Nilishuka mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwa sababu mdogo wangu Ruta hakuweza tena kulala chali. Akijinyoosha tu, pumzi inakatika. Miguu ilikuwa imevimba, na majirani zetu wa Fizi, ambao hawakosi la kusema, walisema amelogwa.

Asubuhi tulipata nafasi kwenye lori la pamba, juu ya magunia. Barabara ya mlimani ilikuwa mbovu kupita kiasi. Kila shimo Ruta alijishika kifua, nami nikamlaani dereva kimoyomoyo.

Baraka, hospitalini, daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akambonyeza mguu kwa kidole. Alama ikabaki imedidimia. Muuguzi akatueleza:

"Mulango moja ya moyo haifungike muzuri. Damu inarudia nyuma, maji inabakia mu mwili. Atakunywa dawa, na chumvi asikule hata kidogo. Kila juma mumulete kwa mizani."

Hatukuuliza mizani ya nini.

Tulifikia kwa shangazi yetu Mwavita, aliyeolewa pale ufukweni. Dawa ilimtoa Ruta maji, akaanza kulala. Lakini mizani ilipoonyesha amepungua, shangazi aliona aibu. Kwetu mama anayepeleka mtoto kupimwa husifiwa mtoto akiongezeka. Nani atamsifu mwenyeji ambaye mgeni wake anakonda? Akaanza kumjazia sahani: ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi.

Juma lililofuata Ruta alipanda mizani akicheka, akaniita mimi mkubwa wake. "Yaya, angalia, niliongezeka!"

Muuguzi hakucheka. Alimgeukia shangazi. "Mama, ulimupatia chumvi?"

"Hapana, munganga! Chumvi niliacha kabisa. Ile ni samaki tu."

Walimchoma sindano za kutoa maji, lakini moyo ulikuwa umechoka. Alifariki alfajiri, ameketi, ameniegemea begani. Nililia kama mtoto. Tulimzika hukohuko Baraka, na shangazi hakuweza hata kusimama kaburini.

Njia ya kurudi niliipanda peke yangu. Sasa nilijua kwamba kwa mgonjwa wa moyo, uzito unaopanda haraka ni maji, si afya. Niliapa kumweleza kila mtu Fizi.

Habari ya msiba ilikuwa imenitangulia; mama alinipokea uani, macho yamevimba. "Njala ndiyo ilimuuwa kule kwa watu?"

"Hapana, mama. Aliongezeka."

Akashusha pumzi, akafuta uso kwa kitenge. "Basi Mwavita alimuchunga muzuri mutoto wangu."

Nikasema ndiyo, alimchunga.