Kivuli cha Ngomeni

Hadi leo nikisikia harufu ya makumbi ya nazi yaliyooza matopeni, wivu hunipanda. Kwetu Mtongwe, upande wa Likoni, wanawake waliyafukia pwani kwa miezi, kisha wakayafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba. Alasiri moja, miaka michache kabla ya uhuru, alitujia Mzungu mwenye kamera ya miguu mitatu. Hakutaka sura za watu, alitaka mwanga na nchi. Lakini alipomwona dada yangu Zuhura na mzigo wa makumbi kichwani, akamwomba asimame mbali, ayaelekee maji. Nikakimbilia kando yake. "Wewe, toka! Njoo nyuma yangu," Mzungu akaniita. Nikasimama nyuma yake, jua likinichoma kisogo na roho ikiniuma, nikainua mikono kumwigiza Zuhura alivyoshika mzigo wake kwa maringo.

Miezi ikapita. Zuhura alikuwa kwa shangazi yetu Kisauni siku jirani yetu, Ami Saidi, aliporudi kutoka mjini akipiga kelele tangu mlangoni.

"Bi Mkubwa! Zuhura nimemwona Ngomeni, ametundikwa ukutani!"

Ngome ile ilikuwa ndiyo kwanza imegeuzwa makumbusho. Sisi tuliijua kwa gereza. Nyanya akajishika kichwa. "Yarabi! Mjukuu wangu kaiba nini?" Yeye akalia, nami nikafurahi. Furaha yenyewe haikudumu, maana Ami alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaeleza kuwa ni maonyesho ya picha.

Zuhura aliporudi tukavuka kwa feri, nusu ya mtaa. Picha ilikuwa kubwa na imejaa mwanga: matope yanang'aa, minazi imelala upande, na Zuhura huko mbali, mdogo kama punje ya mchele, kisogo kitupu. Hata hivyo watu wakampigia vigelegele. Mimi nikaona kingine. Chini kabisa, juu ya matope, kilinyooka kivuli kirefu chenye mikono juu.

"Huyu ni mimi!" nikasema.

Zuhura akanitazama toka juu hadi chini. "Huo ni mnazi, we! Wacha uhasidi."

Wakacheka wote, na nyanya pia. Nililia njia nzima mpaka Likoni.

Siku hizi pwani ile imejaa nyumba za kupangisha, zimebanana hata kivuli hakina pa kulala. Wajukuu wetu wanapigana picha kutwa kwa simu wala hawaoneani gere. Juzi mmoja wao aliipata picha ile kwenye simu, akampelekea Zuhura, ambaye sasa macho yake yameingia ukungu. Akaisogeza karibu na pua. Kidole chake kikatambaa juu ya matope, kikakipita kisogo chake bila kukiona, kikasimama chini kabisa.

"Mimi huyu hapa," akasema. "Tazameni nilivyoushika mzigo."

Watoto wakampigia makofi. Akanigeukia, uso umemchangamka kama zamani. "Si mimi huyu, mdogo wangu?"

"Huo ni mnazi, dada," nikamjibu.