Kisu cha Leonsia na okidi ya Sista

Saa mbili asubuhi, Leonsia Akimana anachemsha kisu. Maji yanatokota kwenye sufuria ndogo, naye haondoi macho. "Kisu kichafu kinaozesha," anasema.

Mama huyu wa miaka 54 ni mtunza bustani wa nyumba ya wageni ya masista, Nyamahanga, wilayani Biharamulo. Mbele yake, juu ya gunia, kuna okidi ya aina ambayo ua lake la njano lina mfuko kama kiatu cha mtoto mchanga. Shina lake halitulii. Limetambaa hadi nje ya chungu na kuchipua mche mwingine, umbali wa shubiri nzima kutoka kwa mama yake.

Okidi hiyo ni ya Sista Véronique, aliyemfundisha Leonsia kazi kwa miaka tisa kabla ya maradhi kumpeleka kwenye makao ya masista wazee, Bukoba. Wiki iliyopita alipiga simu akaomba apelekewe mche mmoja tu. Gari linaondoka kesho.

Asichokijua Sista ni kwamba aliacha miche sita, na sasa imebaki hii miwili.

"Mimi ni mtu wa migomba," ananiambia Leonsia, akicheka kicheko kisicho na raha. Mwaka jana, alipoigawa okidi, aliifanyia kama wakulima wa huku wanavyofanyia chipukizi la mgomba. Alikata, akamenya mizizi yote kana kwamba anaondoa fukusi, wale wadudu wa migomba, akazika kwenye udongo wenye samadi.

"Mgomba ukiumenya hivyo unanawiri. Hizi zikafa zote nne. Nililia, mwanangu. Halafu kwenye simu nikamwambia Sista hazijambo."

Safari hii hakurupuki. Anaondoa magome ya miti yaliyooza yaliyoshikilia mizizi kwa ncha za vidole, kipande kimoja kimoja, bila kuvunja mzizi. Ametayarisha beseni refu lenye kokoto, magome mapya na mkaa, ili shina lipate pa kutambaa. Mche mdogo una mizizi miwili tu, mifupi kama kucha.

Danstan, dereva wa masista, anachungulia. "Shikamoo mama. Nitabeba upi, huo mdogo?"

"Marahaba. Subiri kwanza."

Kisu kinapita kwenye shina, kati ya miche miwili. Leonsia anapaka unga wa mkaa pande zote mbili za kidonda, kisha anaipima miche yote miwili kwa macho. Mimi mwandishi nangoja kuona atatoa upi.

Hatimaye anausukuma ule mkubwa kwa Danstan. "Peleka huu. Una mizizi, utafika. Sista amengoja vya kutosha."

Na mdogo? namuuliza. "Huo ni wangu. Nitauangalia kila asubuhi kama mtoto mwenye homa."

Mpango wake ni huu: mche ukitoa jani jipya, ataomba ruhusa, apande gari nao hadi Bukoba, akamwambie Sista ukweli kuhusu ile minne.

Na usipotoa?

Leonsia anafuta kisu kwa upindo wa kitenge. "Nitakwenda vilevile," anasema. "Ila nitakwenda mikono mitupu."