Ulimi wa Kuonjea Usumba

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Utange kuwatazama vijana waliokuja kuwafunza wenye magari ya punda kushona kola za kitambaa. Walikuwa na ubao wenye michoro, punda mmoja mwenye usingizi, na meza yenye kola tatu za turubai la buluu zilizopigwa cherehani. Kijana mmoja akasema hii ni njia mpya, sasa punda hatakatwa tena shingo na kamba, atavaa mto. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Niliichukua kola moja, nikaibinya kwa gumba, nikaigeuza. Mshono ulikuwa upande wa ndani, upande wa ngozi. Nikamuuliza yule kijana wametia nini humo. "Vitambaa vya mitumba, nyanya, tumevikatakata. Visafi kabisa." Nikamuuliza ni nani aliyevionja. Wakacheka, yeye na wenziwe, kicheko kile cha kumchekea mzee ambaye akili zimemwacha. Kisha akanipa ile kola niende nayo nyumbani, kama mtoto anavyopewa peremende apate kunyamaza.

Nilirudi nayo na hasira. Wewe unijuaye wajua kwamba mimi si mtu wa kukumbuka siku za nyuma kwa kutabasamu. Watu wa rika langu wakikaa barazani husema zamani kulikuwa kuzuri, watu walipendana. Mimi nilikuweko. Hatukupendana hivyo. Lakini kola za punda tulizijua, na nikisikia mtoto wa juzi akisema ni njia mpya, basi afadhali niseme zilikwenda wapi.

Zilishonwa na nyanyangu, hapa Kisauni, miaka ile ya vita vya pili vya Mjerumani, mimi nikiwa na kama miaka kumi. Babu alipokuwa hai alikuwa mshona horji, yale matandiko mazito anayowekwa punda mgongoni akibeba mizigo. Alipokufa, nyanya akaichukua shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaendelea. Lakini wakati wenyewe ulikuwa umebadilika. Kambi za askari zilikuwa zikijengwa, mawe na maji yakitakiwa kila mahali, na punda akawa habebi tena, avuta gari. Wenye magari waliwafunga kwa kamba ya shingo. Punda akivuta, kamba yamkaba koo na kumla bega. Wengi walitembea na vidonda vilivyojaa nzi, na watu wakipita kando wakiziba pua.

Nyanya hakuwa na huruma sana na watu, ila punda mwenye kidonda alimtia uchungu. Alikaa siku nyingi akitazama shingo za punda tu. Kisha akaanza kupima kwa ukindu, jani lile la kusukia mikeka. Alilizungusha pale shingo inapoingia begani, akalitia fundo, halafu akaingiza ngumi yake chini ya koo. Ngumi isipoingia, kola yabana pumzi. Zikiingia ngumi mbili, kola yacheza, na kinachocheza huchubua. Kila punda alikuwa na ukindu wake, umetundikwa ukutani chumbani kwetu. Mimi nililala chini ya shingo za punda wa Kisauni nzima.

Upande wa nje alitia turubai la mahema yaliyochakaa, upande wa ngozi alitia marekani, kile kitambaa cha pamba, iliyovaliwa mpaka ikalainika, kwa sababu nguo mpya ilikuwa haipatikani vitani, na hata ingepatikana asingeitaka. Mishono yote ilitoka nje. Na ndani, usumba wa nazi. Sufi, pamba ile ya mtini, hakuitaka, alisema sufi ikinywa jasho hugandana ikawa mawe.

Sasa sikiliza habari ya huo usumba, maana ndio mambo yote. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi na miezi mpaka yaoze. Ukiyafukua yananuka vibaya sana. Wayatwanga kwa rungu, wapata nyuzi. Nyuzi hizo zimekunywa bahari. Ukizitia katika kola hivyo hivyo, chumvi itavuta unyevu wa hewa, kola haikauki, na maji yale ya chumvi yatamla punda ngozi kama kwamba amepakwa pilipili. Basi usumba huoshwa kwa maji matamu mara tatu, na baada ya mara ya tatu huonjwa. Uzi mmoja, juu ya ulimi, mpaka mate yajae.

Mwonjaji nilikuwa mimi. Nyanya alikuwa mtafunaji wa tambuu tangu ujana wake, na chokaa ilikuwa imemuunguza ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma. Alikuwa hajui chumvi wala sukari. Mchuzi wetu ulikuwa haunogi hata siku moja. Basi aliniita.

"Abee, nyanya."

"Toa ulimi."

Nikitoa, aniwekea uzi. Nikisema ina chumvi, nilirudi kisimani. Nikisema haina, alishona. Hakuniuliza mara mbili. Yule mwanamke hakupata kunisifu hata mara moja, na fimbo yake niliijua kwa mgongo, lakini ulimi wangu aliuamini.

Kisima cha uani kwetu kilikuwa cha maji ya magadi, yenye chumvi. Maji matamu yalikuwa kwa jirani, mwanamke wa watu wenye mashamba ya minazi, mwenye nyumba ya mawe na bangili mpaka kwenye kiwiko. Kisima kilikuwa chake, na alikaa pale juu ya kibao kama mwamuzi akiwaangalia wanaoteka. Nimeishi na watu wabaya wengi, lakini wa kwanza siku zote ndiye unayemkumbuka vizuri. Aliwapa maji wote, sisi tukawa wa mwisho. Alisema tunanuka.

"Haya, mwana wa makumbi amekuja, shikeni pua," alikuwa akisema. Au: "Nyanyako awashonea punda nguo. Siku ya arusi yako atakuvisha nini, lijamu?"

Wanawake walicheka. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, na alicheka kuliko wote.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Akaja kwetu mzee mmoja mwuza maji, mwenye punda watatu, na punda hao ndio waliomlishia wake wawili na watoto wasiohesabika. Bwana mifugo wa serikali alikuwa ameanza kusimamisha magari njiani, na punda aliyeonekana na kidonda alifunguliwa pale pale, mwenyewe akabaki ameshika miti ya gari. Mzee alitaka kola tatu. Alisema wenye magari wote wanamtazama yeye. Zikifaa, watakuja kwa nyanya wote.

"Na zikiwachubua, mama?" akauliza.

Nyanya akatema tambuu yake. "Punda wako akichubuka kwa kola yangu, nirudishie. Na wallahi sitamshonea tena mtu yeyote."

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, nikasikia. Nilijua maana yake. Nyanya hakuwa mtu wa kula kiapo kisha akakitafutia njia ya kutokea, na sisi tulikuwa hatuna kingine cha kutulisha.

Usumba wa kola tatu ni mwingi. Kuosha mara ya kwanza nilimaliza debe kumi na kitu, siku mbili nzima. Mara ya pili jirani alinipa debe tatu tu, akasema kiangazi. Mara ya tatu nilikuta watu wengi, nikangoja mpaka jua la adhuhuri likaniingia kichwani. Nilipolitua debe langu la kwanza lililojaa, aliinuka, akaliwekea mguu, akalipindua. Maji yakakimbia mchangani.

"Maji ya kunywewa na watu hayaoshi uvundo," akasema. "Mwambie nyanyako aende baharini, ndiko alikoutoa."

Kisima kingine cha maji matamu kilikuwa mbali, upande wa Ziwa la Ng'ombe. Ningeweza kwenda. Mpaka leo sijapata la kujitetea: miguu nilikuwa nayo, na siku ilikuwa bado. Lakini nilikuwa nimejaa hasira, nataka mtu mwingine aumie. Nilirudi, nikauosha ule usumba kwa maji ya magadi ya kisima chetu, nikauanika juani.

Jioni nyanya akaita. Nikatoa ulimi. Chumvi ilikuwepo, si nyingi, ila ilikuwepo, mate yakajaa nayo.

"Haina, nyanya," nikasema.

Akageuka, akaitunga uzi shazia yake, akaanza kushona.

Kwa mwezi mmoja zile kola zilikuwa sifa yetu. Mzee akipita njiani aliwasimamisha wenziwe, awaonyeshe namna punda anavyovuta kwa bega wala si kwa koo. Wenye magari wanne walikuja kupimisha. Ukindu ukaongezeka ukutani. Nyanya alinunua samaki mzima, si kichwa. Nami nikaanza kusadiki kwamba chumvi ile niliiota tu.

Kisha masika yakaingia. Kola zikavuta maji zisitoe. Nguo nyingine zote zilikauka jua lilipochomoza, hizo hazikukauka. Siku ya nane au ya tisa mzee alikuja kwa miguu, kola zote tatu begani, akazitupa uani kwetu. Bwana mifugo alikuwa amewafungua punda wake wote.

"Mama, nilikupa punda wazima," akasema. Hakupaza sauti. "Njoo uwatazame sasa. Waonekana kama waliomwagiwa uji wa moto."

Jirani alikuwa amekwisha fika kwenye ukingo wa ua, amejifunika ukaya wake dhidi ya manyunyu, amekuja kutazama.

Nyanya alichukua kisu, akaipasua kola moja mpaka katikati, akavuta uzi. Akatema tambuu, akasukutua kinywa, akauweka uzi ulimini mwake, akasimama. Tulimngoja. Niliona usoni kwamba hapati kitu. Akaniita, nikaitika, akanipa ule uzi mbele ya watu wote.

"Ni nini?"

"Ni jasho la punda, nyanya," nikasema.

"Jasho halifiki moyo wa kola."

Ndivyo alivyosema, basi. Akanitazama muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akamgeukia mzee. "Kosa ni langu. Ulimi wangu umekufa kwa chokaa, nami nikajitia kufanya kazi ya ulimi."

Kutoka pale ukingoni jirani akasema, "Nilimwambia mimi, makumbi ni ya kuwashia moto." Nyanya akaokota zile kola mbili zilizobaki. Nami ningekuwa na haki gani ya kumjibu?

Zile kola tatu alizishona upya, kwa sababu deni la kazi mbovu alilitambua. Aliacha tambuu, mwanamke aliyeitafuna miaka arobaini, akawa anatetemeka asubuhi na kunipigia kelele kwa kila kitu, isipokuwa kwa lile moja. Alijitwika debe mwenyewe mpaka upande wa Ziwa la Ng'ombe, na umri ule. Na uzi ulipofika wa kuonjwa, alijionjea mwenyewe. Alisimama uani amefumba macho, nami nimesimama kando yake, mdomo nimeuachama kidogo, nikitumai ataniita. Alionja, akatema, akaonja tena, ulimi wake ule mbovu ukitafuta. Hakunigeukia.

Punda wa mzee walipona, wakazivaa kola mpya, masika yakapita juu yao bila chubuko. Mzee akarudi na wenziwe wawili, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Hizi hazina kasoro. Hawa nao wanataka."

"Marahaba. Nilikwambia nini siku ile?"

"Mama, hayo yamekwisha."

"Kwangu hayajakwisha," akasema, akaingia ndani.

Nilimchukia kwa hilo. Angeweza kulegea, wenyewe walikuwa wamemsamehe. Siku ya pili aliuteremsha ukindu wote ukutani, akausuka mkeka, akaenda kuajiriwa kuziba magunia kwenye ghala, kwa shazia ile ile. Alifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukakataa. Hakumfunza mtu kupima shingo, na wenye magari wakarudia kamba zao. Hakupata kuniambia neno kuhusu chumvi, na mimi sikupata kumwambia. Alikufa hivyo. Jirani naye alikufa, nilikwenda matangani nikala pilau yao nisiseme hata pole.

Kisima chake kimefukiwa, juu yake pana nyumba ya ghorofa ya kupangisha, na wapangaji wananunua maji kwa mitungi kutoka kwenye gari la punda. Pale tulipofukia makumbi pamejaa takataka za plastiki. Punda bado ni punda. Nimewaona barabarani miaka yote hii, na kamba shingoni, na nzi. Kila nikimwona mmoja nageuza uso, na watu hudhani naona kinyaa. Yule kijana wa Utange hakusema uongo. Kwao hao ni njia mpya, na aliyeifanya iwe mpya ni mimi.

Ile kola waliyonipa niliipasua jana kwa kisu cha jikoni. Mjukuu wangu alinitazama kama nimepata wazimu. Nikachomoa kipande cha kitambaa kutoka katikati kabisa, nikakiweka ulimini, nikangoja mate yajae. Meno sina, lakini tambuu sijapata kuitia kinywani maisha yangu yote, na ulimi wangu mzima.

Nikamwambia mjukuu: rudi Utange, uwaambie mishono itoke nje. Na uwaambie vitambaa vyao vina sabuni ya unga, hawakusuuza vya kutosha. Punda akitoka jasho itamla.

"Wakiniuliza nani kasema, nyanya?"

"Waambie nimeonja mimi."