Kanga ya Shangazi Rukia na Sikio la Pasha

Enzi zetu sisi, televisheni haikuwashwa mpaka mlinzi wake awe tayari. Wenzangu mliokulia huku ughaibuni, Wheaton, Temple Hills na Springfield, miaka ile ya themanini mnanielewa. Watoto wa leo wanajifungia chumbani na simu, wanaiona dunia nzima na aibu zake zote, na wazazi wao wanaiita hali hiyo faragha. Sisi tulikuwa kumi na mmoja juu ya zulia moja, nywele zinanuka mafuta ya sambusa, na pembeni ya kioo amesimama Shangazi Rukia na kanga yake.

Kila Jumamosi baada ya chuo cha Kurani, baba yangu, aliyekuwa dereva wa teksi, alileta kanda ya video ya filamu ya Kiarabu kutoka duka la Mlebanoni mmoja kule Springfield. Baba aliamini kwamba Kiarabu ni Kiarabu, na mtoto akikisikia hata kinywani mwa jambazi, moyo wake utalainika. Matunda tuliyaona. Nikiwa na miaka kumi niliweza kumtishia mtu kifo kwa lahaja safi ya Misri, lakini kuomba maji ya kunywa nilikuwa sijui.

Nyota wa filamu zote hizo alikuwa mtu mmoja. Jina lake silitaji, maana watoto wake wapo. Sisi tulimwita Pasha. Alianza kazi katika filamu zisizo na rangi, mtoto wa tajiri anayempenda binti wa dobi. Akaota masharubu, akawa mfanya magendo. Tumbo lilipotokeza akawa baba mkali wa mabinti watano, na mvi zilipoingia akafanywa kadhi, kwa sababu kwenye filamu watu hutubu nywele zikishageuka. Ila sisi hatukuyaona maisha yake kwa mpango huo. Mwenye duka alitupatia kanda iliyokuwepo, kwa hiyo Jumamosi hii Pasha anazikwa na wajukuu zake, Jumamosi ijayo yuko juu ya baiskeli anamfuata mchumba. Mama alimlilia kila alipokufa, na kila alipofufuka alimwona ni mtu asiye na shukrani.

Sasa hiyo kanga. Pasha akimsogelea mwanamke, Shangazi Rukia, dada yake baba na mwalimu wetu wa Kurani, aliinyoosha kanga mbele ya kioo. Yeye alibaki upande wa pili, kati ya kanga na kioo, macho ameyafumba, akivuta istighfari, kumwomba Mungu msamaha, kwa sauti ya kuushinda muziki. Kanga ikishuka, wale wawili tayari wana mtoto. Niliolewa nikiwa na elimu hiyohiyo, na namshukuru Mungu kwa subira ya mume wangu.

Mwaka mmoja, Ramadhani imefika kati, baba alirudi kutoka kazini akasema amempakia Pasha mwenyewe. Amekuja kutibiwa moyo, anakaa hoteli mjini, na baba amempeleka hospitali siku nne mfululizo. Tena amemkaribisha kwetu kufuturu siku ya Alhamisi.

Ingekuwa habari ya furaha tupu kama si Bwana Sefu, mzee wa Mombasa aliyekaa Springfield na kufanya kazi posta, ambaye hakuna neno lililompita bila kulipiga muhuri. Ramadhani ile ilianza kwa neno la baba. Ndiye aliyeuona mwezi mwandamo, peke yake, ameegesha teksi karibu na uwanja wa ndege, na familia nyingi zilifunga kwa ushahidi wake. Bwana Sefu alifunga huku ananung'unika. Aliposikia habari za Pasha, akatangaza mbele ya watu baada ya tarawehe: "Huyu ndugu yenu huona visivyoonwa na watu. Juzi mwezi, leo Pasha. Alhamisi twenda kumtazama. Pasha akiwa wa uongo, na mwezi wake wa uongo, kila mtu ale Idi yake."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Tulikuwa wachache katika nchi ya wenyewe. Sala ya Idi ikigawika, kila upande ungebaki na safu moja na nusu. Na mtu aliyekataliwa ushahidi wa mwezi, nani atampokelea neno jingine?

Alhamisi ikafika. Watu thelathini walijipanga katika sebule ya watu watano, viatu vimejaa koridoni. Dakika chache kabla ya magharibi baba akaingia na mgeni wake. Alikuwa mzee mfupi, mwenye upara, miguu imevimba, anatembelea mkongojo. Nywele zile za filamu kumbe zilikuwa za kubandika. Mama alimkaribisha vizuri, kisha akachungulia nyuma yake mlangoni kumngojea Pasha aingie.

Mgeni alifungua kwa tende tatu, akakataa biriani, akaomba uji usio na sukari. Bwana Sefu, yeye biriani hakuikataa, akafuta mdomo. "Sasa huyu nd'o nyota? Mbona naona mwezi umepatwa?"

Kicheko kikapita sebuleni. Wengine wakataka mgeni aseme japo maneno mawili ya ukadhi. Baba akamfasiria kwa Kiingereza, na mgeni akajibu kwa upole kwamba daktari amemkataza kupaza sauti, na kwamba amechoka kuwa wale watu wote. Bwana Sefu akaomba pasipoti. Pasipoti ikatolewa, na ndani yake mlikuwa na jina alilopewa na mama yake, ambalo hakuna mmoja wetu aliyepata kulisikia. Bwana Sefu akairudisha kwa adabu kubwa, akasema yatosha. Baba alikuwa anatazama zulia.

Ndipo Shangazi Rukia akasema kutoka mlango wa jiko, "Ni yeye."

"Wajuaje, Bi Rukia?" Bwana Sefu akauliza.

"Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto, dogo kama punje ya mchele. Mtazameni."

Baba akafasiri. Mgeni alishangaa, kisha akageuza kichwa. Kovu lilikuwepo. Bwana Sefu alivaa miwani kuhakikisha.

Watu wakaanza kupiga hesabu vichwani. Filamu tulizitazama sote, na kovu lile hakuna aliyeliona. Nywele zililifunika daima, ila labda pale Pasha alipoinamisha kichwa. Na kila alipoinamisha kichwa, sisi tulikuwa tunatazama kanga. Hapo kwa mara ya kwanza nikajiuliza shangazi alikuwa anajuaje wakati wa kuishusha.

"Kumbe istighfari ile ulikuwa na haja nayo," akasema Bwana Sefu.

"Nilikuwa na haja nayo, na ningali nayo," shangazi akajibu. "Lakini kaka yangu si muongo. Idi ni moja." Akarudi jikoni kupakua tambi.

Idi ikawa moja kweli. Pasha alirudi kwao, na baada ya muda tukasikia amefariki, safari hii bila kufufuka. Akina mama kadhaa wakawaondoa binti zao chuoni kwa shangazi kulinda maadili yao; haohao walikuja mmoja mmoja kumuuliza kwa sauti ya chini nyuma ya kanga kulikuwa na nini. Alivumilia yote mpaka wakachoka. Baba hakuwahi kumwambia neno juu ya jambo lile, lakini kila Idi sahani ya kwanza iliyotoka nyumbani kwetu ilikwenda kwake.

Juzi nilimsimulia mjukuu wangu. Akatoa simu, akaitafuta picha ya Pasha, akalikuza sikio, akanijulisha kwa Kiingereza kwamba kovu lipo na kisa changu kimethibitika. Dakika moja tu, wala hakuna aliyeaibika. Alhamdulillahi, maendeleo ni neema. Mwezi nao siku hizi uko kwenye simu, umepigiwa hesabu miaka mia mbele, kila mmoja na ushahidi wake mfukoni. Mwaka huu hapa kwetu tumesali Idi mbili, na sikusikia mtu yeyote akisema kutoka mlango wa jiko kwamba Idi ni moja.