Ng'ombe Aliyepita Nyuma ya Josho

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Niliacha shule darasa la nne, na leo malori manne yanayobeba mbao Nyeri ni yangu. Lakini harufu ya dawa ya josho, ile kali ya kuchoma pua, bado hunitoa jasho.

Miaka ya kwanza ya uhuru, kwetu karibu na Mweiga, wazazi walichanga wakajenga josho la kijiji. Kila Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya viazi, ng'ombe walitumbukia mmoja mmoja ndani ya dawa ya kijivu, wakatokea upande wa pili wakikohoa na kutiririka. Malipo yalikuwa senti ishirini. Msimu mmoja wa mvua baba alinipa kazi ya kumpeleka wetu, wa kienyeji, mgumu kama jiwe. Nikawaza: kama kupe wa ng'ombe wote wanakufa, huyu wetu atawatoa wapi? Basi nilimpitisha nyuma ya josho, nikamlowesha mtoni, na senti zikaenda kwa mandazi. Nilijiona mjanja kuliko mwalimu.

Jirani yetu Mama Muthoni, mjane, aliuza pareto miaka miwili akanunua ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi lakini wasiostahimili kupe, mwenye mimba. Tulitenganishwa na ua tu. Kabla mvua haijaisha ng'ombe huyo alivimba chini ya masikio, akahema siku tatu, akafa. Mama Muthoni alimwendea mtunza josho akiwaka.

"Sikukosa hata Jumanne moja! Dawa yako ni maji?"

"Dawa ni nzuri, mama. Lakini hii si blanketi, ati ukijifunika peke yako unapata joto. Mmoja akikosa, kupe ni wa wote."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikageuka nikaenda zangu. Karo ya binti yake Muthoni ilikuwa itoke kwa maziwa ya yule ng'ombe. Hakurudi shule, na mpaka leo anachuma kahawa ya watu.

Siku hizi kila mtu ana pampu yake ya kunyunyizia dawa nyuma ya nyumba, josho limeota magugu, na ng'ombe wanakufa. Mwaka jana nilimwendea Mama Muthoni, sasa mzee sana, nikamweleza yote. Nikamwambia achague ng'ombe anayemtaka.

"Ukinipa wangu peke yangu, Kariuki, atakufa vile vile," akasema. "Si una malori? Rudisha josho."

Nilikuwa nimebeba pesa za ng'ombe mmoja tu. Simiti, mabati, fundi na mapipa ya dawa: nililipa yote, shilingi sabini na nne elfu, mia tatu na sitini.