Maji Meupe ya Banioni

Maji yakiingia kwenye mtaro mkavu hayapigi kelele mara moja. Kwanza yanasema sss, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto, yakisukuma majani makavu mbele yake. Hapa Tunduma jirani yangu anaosha malori yanayokwenda Zambia. Kila asubuhi akifungulia mpira, maji yakishuka mtaroni juu ya vumbi, mimi nasimama na kikombe mkononi mpaka chai inapoa. Nakuwa tena mtoto, miguu mitupu, ndani ya mfereji wetu kule juu ya Ihanda.

Nawasimulia ninyi, kwa sababu waliopaswa kuniuliza hawakuniuliza.

Mfereji wetu ulianzia kwenye bwawa la chemchemi, karibu na kilele, ukauzunguka mlima mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Kila mwisho wa kiangazi maji yalifungwa kule juu, kwenye banio, lango la bwawa, na sisi watoto tulitumwa kuufuata mfereji mkavu kutwa nzima tukiziba matundu ya kaa. Kaa wa kule wanatoboa kingo, usipoziba maji yote yanaishia msituni. Sheria ilikuwa moja tu: mlinzi wa banio hafungulii maji mpaka apige debe, kisha asubiri watoto waitikie kutoka chini.

Mwaka ule mlinzi alikuwa Lameki. Nalitaja jina lake makusudi.

"Debe likilia, tokeni," mama yake Enesi alituambia akitufungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. "Hata kama kiazi kiko mdomoni."

"Lusekelo akila hasikii, mama," Enesi akasema.

"Mimi nasikia! Nasikia mpaka unavyokoroma kwenu," Lusekelo akamjibu, tukaondoka tunacheka, watatu, na ndoo ya udongo wa mfinyanzi.

Nikiikumbuka siku ile naiona kama ndoto niliyoiota mara nyingi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, Enesi mbele yangu nikamwona shingo tu, kichwa kimepotea. Ukungu ukapasuka, jua likatoka, maua ya kahawa chini yetu yakawa meupe bonde zima, na harufu yake ikapanda mpaka ikatulewesha. Mara manyunyu yakaja na jua lake, tukakimbilia chini ya mti. Kabla hatujakaa vizuri yakapita. Mbali, upande wa Ileje, wingu jeusi lilikuwa limekaa tu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Mchana ulipokuwa umeshapinda tulifika pale mfereji ulipopita juu ya mwamba. Mbele yake palikuwa na korongo, na wazee walivusha maji kwa gogo kubwa lililochongwa ndani. Lusekelo alishavuka. Enesi alikuwa katikati ya gogo, amenyoosha mikono kama ndege.

"Tabu, mbona unatembea kama bibi harusi? Njoo!" akaniita.

Nikaingiza mguu. Ndipo nikasikia ile sss.

Debe halikulia. Nilichokiona ni maji yanakuja juu ya mwamba, meupe kabisa, yanang'aa, nikaona vijiwe chini yake na ua moja la yungiyungi likizunguka. Nilidhani ni kitu kizuri kimekuja kututazama. Yalinipiga magotini, nikaangukia ukingoni, mguu ukavunjika kwenye jiwe. Nilipoinua kichwa gogo lilikuwa limejaa, na Enesi hakuwepo.

Mvua kubwa ilikuja baadaye, wakati wanaume wananibeba kushuka. Mvua ya mawe, mfereji ukawa mwekundu kama chai. Kila mtu wa kijijini aliikumbuka ile mvua. Kwenye kikao Lameki alisimama akasema mvua ilivunja banio, naye hakuligusa. Mwenyekiti, Baba Sefania, shemeji yake, akafunga kikao: kazi ya Mungu. Mimi nilikuwa ndani na mguu wangu, na mtoto nani angemwita kikaoni, mimi au Lusekelo? Shule ilikuwa mbali kwa mguu ule. Niliacha.

Nilikaa miaka na yale maji kama watu wanavyokaa na ndoto. Ni hapa Tunduma nilipoyaelewa, siku moja mvua ilipoushika mtaro wa jirani ukiwa na maji safi ya mpira. Mara moja ukawa mwekundu. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mvua ya kwetu haijawahi kuleta maji meupe. Yale yalikuwa maji ya bwawa, yamefunguliwa kabla tone la mvua ile halijaanguka kule juu. Lameki aliliona lile wingu, akataka kuwahi nyumbani asilowe. Basi. Debe lilikuwa kazi ya kumchelewesha.

Pasaka iliyopita nilipanda gari mpaka Ihanda, nikachechemea hadi kwa mama yake Enesi. Lameki alishazikwa, kwa nyimbo na heshima zake zote. Nilikuwa nimekwenda na hasira nimshushie mtu. Bibi yule alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya ungo wa maharage. Nilitegemea amlaani.

"Yalikuwa meupe?" akauliza.

"Meupe, mama. Mvua ilikuwa bado."

Akasukuma ungo pembeni.

"Kumbe," akasema polepole, "miaka yote najilaumu bure. Mwanangu sikumtuma kwenye mvua."