Mbwa Mwenye Cheti

Juzi nilikuwa ofisi ya mifugo Kilosa. Mama mmoja mfugaji alikuwa amemleta mbwa wake jike apandishwe na dume la kijana wa mjini.

"Shikamoo mama. Dume langu lina cheti, ukoo wote umeandikwa."

"Marahaba. Hebu mtembeze."

Kijana akamtembeza uani, dume likichechemea kidogo mguu wa nyuma. Mama akachuchumaa, akampapasa nyonga. Mbwa akalia kidogo.

"Baba yake naye alichechemea?"

"Ndiyo, mama. Mwishoni alishindwa kusimama."

"Basi mtunze, lakini asizae. Watoto wa huyu wangu watafuata ng'ombe kutwa nzima, wanahitaji miguu mizima."

Daktari wa mifugo akaafiki. Kijana akambeba mbwa wake taratibu hadi garini.

Cheti kilitaja jina la baba. Hali ya miguu yake hakuna aliyeiandika, lakini mama alijua kuuliza.